Uwiano wa kulipa deni: mradi wa umeme wa jua, Dodoma

hesabu_dom: Wakuu, naombeni msaada. Mapato sh. bilioni 20 kwa mwaka, uendeshaji 5, kodi 2, marejesho (riba na mtaji) 10. Benki inataka uwiano (fedha inayobaki baada ya gharama na kodi, gawa kwa marejesho) usishuke chini ya 1.20. Uchakavu (thamani ya mitambo inayopungua kila mwaka) naukata wapi?

mizania: Usiukate, mkuu. Uchakavu si fedha inayotoka. Unaingia tu unapokokotoa kodi. 20 − 5 − 2 = 13, gawa kwa 10 unapata 1.30. Akiba ya deni, yaani fedha inayotengwa kulipia deni mapato yakipungua, kwa kawaida marejesho ya miezi 6 (hapa bilioni 5), usiijumlishe kwenye hiyo 13. Huko ni kujidanganya.

jua_la_kati: Hiyo 1.30 ni ya mwaka wa wastani. Punguza mapato 8%: 18.4 − 5 − kodi 1.52 (imeshuka kwa 30% ya bilioni 1.6 iliyopungua) = 11.88, uwiano 1.19. Umeshavunja sharti! Weka na gharama ya kuosha paneli. Kiangazi chetu ni kirefu na vumbi halikomi. Halafu deni likiwa la dola na umeme unauzwa kwa shilingi, shilingi ikidondoka marejesho yapande 10%, unabaki na 1.18 hata jua likiwaka vizuri.

hesabu_dom: Ukishuka chini ya 1.20 mkopo wote unadaiwa?

mizania: Soma mkataba. Mara nyingi vizingiti ni viwili: wa juu unazuia tu gawio kwa wenye mradi, fedha zinabaki kwenye akaunti hadi uwiano upande, wa chini, mfano 1.05, ndio unaompa mkopeshaji haki ya kudai deni lote au kuushika mradi.