Yule fundi wa "thamostati haina kazi" kaitupa nyingine LEO!

Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Gari limechemsha, hajapima chochote, anang'oa thamostati, ile vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, na kuitupa kule. "Haina kazi hii." HAINA KAZI?!

Thamostati hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hadi 90 hivi. Ukiitoa, injini haipati joto lake, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inamimina petroli kama bomba lililopasuka, na oili inachafuka. Ugonjwa wenyewe uko palepale: feni haizunguki, rejeta imeziba, pampu ya maji imelika mapanga, au mpira wa kifuniko cha rejeta umekauka. Kifuniko kikishika presha ya baa 1.1, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Kikivujisha, yanatapikwa mapema. Kakigusa? Hapana. Kaitupa thamostati!

Kuipima ni sufuria tu. Itumbukize, pasha maji, ikifunguka ni nzima. Sufuria, jamani! Yeye: "haina kazi hii". Halafu anajaza maji matupu bila kulanti, ile dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, na kutu inakula hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu taratibu.

Nati Kavu: Mkuu unapiga kelele na gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, hujaitaja. Injini ikiwa baridi fungua rejeta, washa. Mapovu yasiyokwisha maana yake gasketi ya hedi imeungua, na thamostati yako hata uivalishe dhahabu haisaidii.

Mwenye uzi: Imeungua kwa sababu chanzo hakikutafutwa! Kaitupa akaona kamaliza!

Spana 10: Afadhali huyo. Wetu anabadilisha gasketi bila kupeleka hedi ikasawazishwe kwa mashine, anarudisha boliti zilezile zilizokwisha kuvutika, anakaza akianzia pembeni. Unaanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kupima nguvu. Lazima ivuje tena.

Gia Kubwa: Hayo madogo. Kuna anayemimina ATF ya kawaida (oili ya giaboksi la otomatiki) kwenye giaboksi la CVT, lile la mkanda na puli badala ya gia! Mkanda wa chuma unateleza, puli zinachubuka, injini inanguruma gari haliendi.

Nati Kavu: Na kipimo cha oili ya giaboksi anakisoma oili ikiwa ya baridi, si ya moto!

Mwenye uzi: Turudi kwenye thamostati…

Spana 10: Gia Kubwa, chujio la CVT unaosha au unaweka jipya?