Aliyepimwa ADHD ni mtoto, lakini majibu yote nilikua najijibia mie

BintiKisauni

Asalam aleikum nyote, mie kawaida yangu ni kusoma tu na kupita lakini hili limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Kijana wangu wa miaka minane tulimpeleka kwa daktari apimwe ADHD, ile hali ya ubongo ya kushindwa kutulia na kuwa makini, mwalimu ashachoka naye, mara kapanda dirisha, mara kapoteza penseli ya nne kwa siku moja. Daktari akaanza kuniuliza, huanza kitu akaacha katikati? Hupoteza vitu? Ukimsemesha yuko na wewe ama yuko mbali? Mie najibu ndio, ndio, ndio, natoa na mifano, hadi nikashtuka kwamba ile mifano si ya mtoto. Aliyesahau maharagwe motoni mpaka sufuria likatoboka si yeye. Ni mie.

Nna miaka 36, niko ofisi ya kliaringi, tunawatolea watu mizigo bandarini, hapa mjini Mombasa. Mzigo ukikwama bandarini, mteja anapiga kelele, kila mtu kachanganyikiwa, hapo ndo mie natulia na kazi yaisha. Lakini nipe karatasi ya kawaida isiyo na haraka uone. Mwaka jana kuna entri moja (ile fomu ya forodha) niliikamilisha yote, iko pale kwenye kompyuta yangojea kubonyezwa tu, ikakaa siku sita. Kontena likala gharama bandarini nami nikakatwa mshahara. Na sikua nimesahau, hilo ndo linaniuma, kila siku nilikua naiona na mkono hauendi. Hata sijui mtu humwelezaje bosi kitu kama hicho.

Utotoni nilichapwa sana kwa kuzubaa, nyumbani wakasema labda ni jicho, nikanyweshwa kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, siku saba (mpaka leo nikinusa zafarani na marashi naukumbuka mkeka wa bibi). Sisemi kwa ubaya, walikua wananitafutia dawa kwa walichonacho. Mamangu nilipomwambia haya ya sasa alicheka tu, "wewe huna ugonjwa mwanangu, wewe una mambo mengi."

Sasa yule daktari ni wa watoto, wakubwa hapimi, na pesa iliyopo ni ya mtoto. Swali langu ni je mtu aweza kujijua bila hiyo karatasi ya daktari? Ama ni kujipachika? Maana kila nikijaribu kujiita hivyo naona kama nimevaa buibui la mtu mwingine.

Kaka_Changamwe

Waaleikum salaam dada. Mimi karatasi ninayo, nilipewa nikiwa na miaka 41. Siku hiyo nililia kwenye matatu kutoka mjini mpaka Changamwe, konda akadhani nimefiwa akakataa nauli yangu. Haya, asubuhi yake nikaamka, funguo za nyumba sizioni kama kawaida.

Ndo nikajua karatasi haikuambii wewe ni nani, yakuambia uko kwenye fungu gani. Yaliyobaki nimeyajua mwenyewe kwa kujichungulia kama jirani mbeya. Nimejua siku yangu ina masaa mawili tu ya maana, baada ya swala ya alfajiri kabla watoto hawajaamka, hapo nafanya kazi ya siku nzima, na saa nane mchana hata ukinipa dhahabu niihesabu sitafika kumi. Nimejua kitu nikikitia kwenye droo kimekufa, kimezikwa, sitakikumbuka tena. Basi nikang'oa milango ya makabati yote nyumbani. Mke wangu aligomba mwezi mzima, asema jikoni limekua duka la Marikiti, lakini toka siku ile sijanunua kilo ya sukari wakati nyingine tatu zipo.

Na kingine nikuambie, mimi nilijishuku zamani kwa sababu ya muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa. Kabla ya ile kelele ya 2024 gavana alipoipiga marufuku, wenzangu wakitafuna wanapayuka usiku kucha, mimi natulia tuli naandika ripoti. Ukiona hivyo jua uko nayo.

Kwa hivyo karatasi si kitu dada, jijue tu mwenyewe.

MzeeWaBaraza

Siku hizi kila tabia ina jina la kizungu. Sisi tulikua tukisahau vitu tukaambiwa tuache uzembe, tukaacha. Nani duniani hasahau? Huyo mtoto mnunulieni mpira na huyo mama apumzike.

NesiMstaafu

Mzee wangu shikamoo. Kukohoa kila mtu hukohoa, lakini akikohoa mwezi mzima twampeleka kupima kifua, hatumwambii nani duniani hakohoi. Ni hivyo hivyo hapa, swali ni linakurudisha nyuma kiasi gani, na tangu lini.

Na hilo "tangu lini" ndo nataka BintiKisauni alishike. ADHD haianzi ukubwani. Kwa vigezo vinavyotumika tangu 2013 dalili ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na mtu mzima huhitaji tano pale ambapo mtoto huhitaji sita. Zaidi ya hapo zionekane sehemu zaidi ya moja, isiwe ni ofisini tu kwa sababu bosi ni mkali. Kama wewe ulikua makini mpaka juzi ndo ukaanza kusahau, hiyo ni habari nyingine kabisa, pima tezi ya shingo, pima damu, angalia usingizi wako, na huzuni ya muda mrefu pia hula kumbukumbu na watu hawajui. Vipimo hivyo vya damu si ghali kama hiyo karatasi, anza navyo.

Kuna maswali 18 ya watu wazima ya Shirika la Afya Duniani, yale sita ya mwanzo ndo mchujo. Yajibu kwa utulivu, lakini hayo ni kama kugusa paji la uso kuona joto, hayakuambii ni malaria.

Na wewe wa Changamwe, hapo kwa muguka umepotosha watu. Vichangamshi humfanya mtu yeyote awe makini kwa muda, mwenye ADHD na asiye nayo, kwa hivyo kutulia ukitafuna si kipimo cha kitu. Tena dada, nakuomba, vidonge vya mtoto usijaribu hata kimoja kujiangalia, hujui moyo na presha yako vikoje. Nimewaona kinamama waliofanya hivyo.

Ya mwisho, naijua shida ya hapa kwetu, ukisema tu unaenda hospitali ya Port Reitz kwa madaktari wa akili mtaa mzima washakuvisha wazimu. Nenda hivyo hivyo siku pesa ikipatikana.

asiyependa_honi

Mie wa Likoni, miaka 27, sina karatasi, na kwangu nadhani ni usonji (otizimu), pengine na hiyo ADHD juu yake (zamani madaktari walikua hawaruhusiwi kukuandikia zote mbili pamoja, ni huo huo mwaka 2013 ndo ikaruhusiwa, kwa hivyo wakubwa wengi walipewa nusu ya jibu).

Nilikua nadhani watu wote husikia honi ya feri kwenye meno. Wallahi. Nikiwa na miaka 22 ndo nikamuuliza rafiki yangu, wewe honi hukuuma jino gani? akaniangalia hivi. Basi siku hiyo nikaanza kuhesabu vitu vyote ambavyo nilidhani watu wanavumilia kimyakimya kama mie, lebo ya nguo shingoni, mchuzi kugusana na wali kabla sijasema ndio, watu wanne kuongea pamoja. Kumbe hawavumilii chochote, hawavisikii.

Mie kujijua kumenisaidia hivi. Harusi nilikua nazikimbia, naitwa mwenye maringo. Siku hizi nikifika nasalimia, kisha napitiliza nyuma kwa wapishi wa pilau. Pale napewa kisu na gunia la vitunguu, kila mtu ana kazi, anayeongea anaongea akiangalia sufuria, hakuna wa kunikazia macho, na mie nacheka mpaka saa sita usiku. Spika za ukumbini zinafika zimechoka. Sasa mashangazi wanasema nna adabu na bidii, ni yule yule mie.

Kuhusu kuvaa buibui la mtu mwingine, hili neno nyurodavajenti ambalo watu hujiita, yaani mwenye ubongo unaoenda tofauti na wa wengi, halikutoka kwa daktari. Lilianzishwa kama mwaka 2000 na Kassiane Asasumasu wa Marekani, mwenyewe ana usonji, na alilitaka liwe la kuingiza watu wengi ndani, si la kusimama mlangoni kuuliza vyeti. Kwa hilo huhitaji ruhusa. Kusema "nna ADHD" kwenye fomu ya kazi, hapo sawa, hilo ni la daktari.

Lakini Kaka_Changamwe hebu tuongee. "Karatasi si kitu" husemwa na mwenye nayo. Chuoni niliomba kufanya mtihani chumba kidogo kisicho na kelele, wakasema leta barua ya daktari. Sikua nayo, nikakaa ukumbini na feni moja inayogonga, tak tak tak, masaa matatu, na matokeo nikayaona. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa kaka.

Kaka_Changamwe

Hapo umenishika, nakiri. Na vidonge pia nisingepewa bila hiyo karatasi, nimejisahau. Ya muguka nayo nimeskia nesi.

MzeeWaBaraza

Hayo maswali 18 yanapatikana kwa Kiswahili?

NesiMstaafu

Mzee wangu nakuja inboksi.

BintiKisauni

Jamani ahsanteni, nimesoma mara tatu na sijajibu siku nne (nilikua nawajibu kichwani, mnanielewa).

Damu nimepima, tezi iko sawa, damu imepungua kidogo nimepewa vidonge. Lile la kabla ya miaka 12 lilinitoa usingizi, nikaenda kwa mama Jumapili nikamuomba lile sanduku la makaratasi ya shule. Ripoti ya darasa la tatu ipo, mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu "ana akili lakini hayupo darasani", na mie shule sikua nakosa hata siku moja. Nikamsomea mama, akanyamaza.

Kisha nikashuka chini zaidi kwenye sanduku nikitafuta ya darasa la nne, nikakuta kofia za kushona, zile za mkono. Nne. Moja imefika robo, mbili nusu, moja imebaki kilele tu, sindano bado imo na uzi wake, nguo yenyewe ishageuka rangi ya chai. Nikazipanga juu ya mkeka moja moja. Mama kaziangalia, kaniangalia, kachukua ile ya kilele akaanza kutafuta miwani.

"Nilikua ntazimaliza," asema.