Nimeuziwa vaiza na kikinga upepo vya MGB, vyote takataka, na mwenye duka anadai gari langu ndilo lililopinda

Wadau, naandika huku shingo imekakamaa, mnisamehe nikipayuka.

Mnaonijua mnalijua gari la marehemu babu: MGB, kigari cha michezo cha Kiingereza, cha wazi, kijani, cha mwaka 1971. Msianze kuniambia niuze ninunue jingine. Magari haya yalikoma kutengenezwa kule Abingdon, Uingereza, mwaka 1980, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Kwa hiyo hata la kuagiza ulichinje uchukue vipande halipo. Ni hili hili.

Sasa mnaolicheka hamjui shida zake. Kioo cha mbele ni kifupi. Jioni hapa Mombasa, ukitoka mjini ukapita Makupa kuelekea Changamwe, saa kumi na mbili kasorobo hivi, jua linakukodolea usawa wa macho. Mbele yako lori la kontena, unaona kivuli tu. Vaiza za zamani, vile vibao vya kushusha kukinga jua, zilishakwisha, moja imebaki waya na kitambaa.

Na upepo je? Watu hudhani kwenye gari la wazi upepo unakupiga usoni. Wapi! Kioo kinaurusha juu ya kichwa, nyuma yake pale penye viti panabaki kama pengo, basi upepo unajiviringa na kurudi kutokea nyuma, unakuchapa kisogoni. Ukishika Daraja la Nyali na kusi hii, kofia inakutoka kuelekea mbele! Ndiyo kazi ya kikinga: fremu yenye wavu inayosimama nyuma ya viti. Hauzibi upepo wote, lakini unauvunja nguvu, unaweza hata kumsikia aliye kando yako.

Nikaenda duka moja la spea hapa mjini, silitaji. Kijana wa kaunta ana mdomo huyo, angewauzia watu wa Shela mchanga. "Ami, hizi ni za MGB hasa. Na kikinga ni stenlesi, hakijui kutu." Nikatoa 34,000 kwa mkupuo. Wiki tano nikangoja, kila nikipiga simu "mzigo uko bandarini". Bandari gani hiyo, mie nakaa dakika kumi kutoka Kilindini?

Vaiza ndizo zilizonitoa roho. Matundu ya skrubu hayakutani na ya fremu, yamepishana kama upana wa vidole viwili. Haya, hilo fundi angetoboa upya. Lakini kioo cha kujipodolea kimekuja upande wa dereva! Yaani zimetengenezwa kwa nchi ambazo dereva anakaa kushoto. Sasa mimi niendeshe huku najipaka wanja? Na kabla hamjaniambia nizibadilishe kulia kwa kushoto, nilijaribu. Kona zimekatwa kufuata pembe ya kioo, ukizigeuza zinaning'inia kama masikio ya mbuzi.

Halafu mwenye MGB anajua: katikati ya kioo cha mbele kuna kijiti cha chuma kilichosimama wima, ndicho kinachobeba kioo cha kutazamia nyuma. Vaiza hizi ni pana mno. Nikishusha ya kwangu inakisukuma kile kioo, nabaki natazama magoti yangu badala ya matatu iliyo nyuma.

Kikinga nacho, wiki ya tatu tu kikaanza kulia machozi ya kahawia kwenye zulia. Nikabandua sumaku ya friji jikoni, nikaigusisha. Ikanata pwaa! Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, kwenye hewa hii ya chumvi. Wavu wenyewe unaishia mabegani, kisogo kiko pale pale kinachapwa.

Nikarudi dukani na boksi. Mwenyewe akatoka, mtu mzima na kanzu yake safi, hata salamu hakuitikia vizuri. Akaniambia, "Kijana, gari la babu yako limezeeka, fremu ya kioo imepinda. Mali yangu haina tatizo." Wallahi nilitaka kulia. Fundi wangu wa mtaa wa Tudor, mzee aliyezishika MGB kabla sijazaliwa, ameweka rula juu ya fremu ile mbele yangu. Imenyooka kama mstari wa swala. Nilipomwambia anirudishie pesa akasema eti vitu hivi havipatikani tena duniani, nishukuru nimepata. Uongo! Kule Uingereza spea za MGB zinauzwa hadi leo, magari yenyewe yalitengenezwa zaidi ya laki tano. Amenyoa bila maji halafu anataka shukrani.

Risiti ninayo, imeandikwa kwa kalamu "MGB, dereva kulia, stenlesi". Hati ya mkono wa yule kijana.

Jumamosi asubuhi narudi, na safari hii naenda na mzee wa Tudor, rula, na sumaku ya friji. Mwenye vaiza za asili za miaka ile anipigie picha na futi kando yake, nataka kuonyesha matundu yanapokaa. Na kama kuna mwingine aliyelizwa na duka la aina hii aniandikie, twende pamoja. Boksi liko kwenye buti.