Ukipewa nafasi ya kuchagua pa kuishi nchi nzima, ungekaa wapi? Watu wa Mtwara na Lindi tupeane uzoefu

Mzee wa Chuno (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mwakani mwezi wa sita natimiza miaka 60, nakabidhi ofisi. Nimezaliwa Mufindi, nimefanya kazi Sumbawanga, Dodoma, Dar kidogo, na miaka 11 hii ya mwisho nipo hapa Mtwara mjini. Mama watoto ni Mmakonde wa Kitangari. Kiinua mgongo bado hakijaingia lakini ugomvi umeshaingia. Kaka zangu wanasema kiwanja cha baba pale Mafinga kinanisubiri. Mama watoto anataka tupande Newala kwao. Watoto wanasema tusikae mbali na Dar, kwa sababu wao ndio watakaohangaika tukiugua. Mimi mwenyewe, niseme ukweli, nataka Mikindani. Nikikaa pale jioni karibu na maji, wavuvi wanafunga ngalawa zao, naona nimefika.

Lakini kukaa jioni moja na kukaa miaka ishirini ni vitu viwili. Msinipe habari za mandhari, hizo nazijua. Nataka mtu aliyeishi mahali mpaka akajua maji yanatoka siku gani, nani anakuja msibani, na bodaboda wa usiku anatoza ngapi. Uliishi wapi, ulihama kwa nini, na leo ukiambiwa uchague upya utakwenda wapi?

Mama Kisima

Shemeji, umeoa kwetu kwa hiyo nitakuita hivyo. Mimi ni wa Newala na sijahama ila miaka mitatu ya chuo.

Huku juu kwenye uwanda wa Makonde mchanga unameza mvua yote. Kisima cha kuchimba uani kama cha mjini sahau, maji yako chini mno. Chemchemi ziko mabondeni, na bibi yangu alikuwa anashuka na mtungi saa tisa usiku, akirudi juu jua limeshatoka. Siku hizi mabomba yapo, ila bomba lina siku zake.

Kwa hiyo nyumba ya huku inaanzia chini. Kabla hujauliza ina vyumba vingapi, unauliza kisima. Unachimba shimo uani, unajengea kwa tofali na saruji, unafunika kwa zege na kuacha mdomo wa kupitisha ndoo, halafu bati lote la nyumba linashusha maji ya mvua humo. Chetu baba alijenga kwa hela ya korosho. Mdomo una kufuli na ufunguo alikuwa anakaa nao mama. Ikifika Agosti anatumbukiza ufito, anautoa, anapima palipolowa kwa viganja, ndipo anatangaza kama wiki hiyo tunafua au hatufui.

Na mvua ya kwanza hairuhusiwi kuingia, hili wageni hawalijui. Kuanzia mwezi wa sita watu wanapuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho, na lile vumbi la njano linatua mpaka juu ya mapaa. Mvua ya kwanza ikianza unakimbia kuhamisha bomba la paa, maji machafu yamwagike uani, ya pili ndiyo yaingie. Aliyesahau, chai yake ya Krismasi ina ladha ya kiberiti.

Baridi ipo. Juni na Julai ukungu unakaa, sweta unavaa. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo (najua umekataza mandhari, nisamehe hiyo moja). Nikichagua upya nachagua Newala. Ila mwenye mgongo mbovu simshauri.

Rangi Tatu

Dar, mkuu. Mbagala. Natoka Mchinga, nimeingia mjini 2006 na mfuko wa rambo wenye vitana na viwembe. Mmachinga wa kabila na wa kazi. Nyumbani naenda kuzika na kuwatia watoto jando. Hela haina kwao.

Binti Pwani

Mzee shikamoo. Mtu wa Mikindani ndiye mimi, na napapenda, lakini acha nikuonee huruma mapema. Hewa ya chumvi ina meno. Bati la kawaida ukiliezeka mtoto akiwa chekechea, linaanza kuvuja kwenye misumari kabla hajamaliza darasa la saba. Bawaba ya mlango unaivuta, inabaki mkononi. Feni, redio, friji, vyote maisha yao ni mafupi. Baba yangu kila mwaka kabla ya Ramadhani anakwangua kutu kwenye nondo za madirisha kwa msasa, anapaka rangi ya mafuta, na mwakani anaanza upya pale pale. Maji ya visima vingi yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na chai unadhani mtu amekosea kopo la sukari.

Wageni wanakuja kuangalia Boma la Wajerumani la 1895, wanaambiwa Livingstone alianzia hapa safari yake ya bara mwaka 1866, wanapiga picha kuta za matumbawe, saa kumi wanarudi mjini. Sisi tunabaki na mbu wa mikoko. Mimi ningejenga Mtwara mjini upande wa juu, Mikindani nije kwa daladala kupunga upepo. Ni kilomita kumi na kitu tu.

Gurudumu

Mimi nitaongea kama mtu wa barabara. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 nilikuwa utingo wa basi. Rufiji mnavuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika gari linazama kwenye tope mnalala porini siku mbili, tatu. Watu walikuwa wanasafiri na sufuria, sio utani. Lami ilipokuja tukasahau. Halafu Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya.

Nilikuwa na semi ya saruji naelekea Dar. Nafika Nangurukuru naambiwa mbele hakupitiki, maji yamekata barabara Somanga. Siku ya kwanza watu wanacheka na kupiga picha. Siku ya pili chupa ya maji imeshapanda bei, na mama mmoja anapita na ungo wa ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, fungu bei ile ile ya siku zote. Nikamwambia mama pandisha, wenzio wote wamepandisha. Akaniuliza, "Kwani ming'oko imekatikiwa barabara?" Nikanunua mafungu manne, moja nikagawa.

Kwenye foleni yetu kulikuwa na Noah imebeba maiti kutoka Lindi kwenda kuzikwa Mkuranga. Siku ya pili jioni ndugu wakakubaliana kwamba haiwezekani tena. Wazee wa kijiji wakawaonyesha mahali kwenye makaburi yao, vijana wakachimba, madereva tukabeba jeneza, akina mama wakapika wali kwa msiba wa mtu wasiyemjua hata jina. Nimeendesha gari miaka mingi, sijawahi kuona foleni ikinyamaza vile.

Niliporudi nikahamisha familia kutoka Kilwa Masoko kwenda Masasi. Sio kwamba Kilwa pabaya. Masasi ina njia mbili: ya pwani ikikatika, kuna lami ya Tunduru mpaka Songea, unatokea Njombe, unafika Dar umechoka lakini umefika. Joto lipo, yale majabali yanatunza jua la mchana mpaka usiku. Ndiyo chaguo langu na sijutii.

Mzee wa Chuno (mtoa mada)

Gurudumu, hiyo ya msiba imenikalisha chini. Endeleeni. Na mwenye uzoefu wa matibabu aseme, maana presha ninayo.

Wa Rombo

Kwa presha naingia mimi, ni muuguzi. Kwetu Rombo. 2012 nikapangiwa Liwale, nikalia kutoka Nachingwea mpaka mwisho wa safari, vumbi likachanganyika na machozi, nikashuka nina masharubu ya tope. Usiku wa kwanza nasikia ngoma mpaka alfajiri, nikajua kuna vita, kumbe ni unyago, mwali anatolewa. Wiki ya pili tembo wameingia kwenye mahindi, watu wanapiga madebe usiku kucha. Nikaandika barua ya uhamisho.

Barua haikufika popote kwa sababu nilishikwa na malaria. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye tulikuwa tunasalimiana tu mlangoni, alihamia chumbani kwangu na mkeka wake siku nne. Alinipikia uji, akanifulia mpaka nguo ambazo kwetu humpi mtu baki kufua. Nilipopona nikamuuliza nimlipe nini. Akanuna wiki nzima. Nilikaa Liwale miaka saba.

Sasa matibabu. Zamani mgonjwa mzito wa huku alikuwa anapewa rufaa mpaka Muhimbili. Leo kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara. Hospitali ya mkoa ya Ligula ipo, na watu wa Masasi wana hospitali ya Ndanda ya wamisionari ambayo imetibu babu na wajukuu. Lakini baba, kwa presha usichague hospitali kubwa, chagua umbali. Unahitaji kupimwa kila mwezi na dawa isikatike, na usiku wa manane ukizidiwa lipatikane gari kabla jirani hajamaliza kuvaa viatu. Kaa karibu na lami, basi. Mimi nimeishia Lindi mjini. Pametulia, samaki wapo, nikichoka napanda boti mpaka Kitunda ng'ambo na kurudi, sina ninachofuata huko. Desemba naenda Rombo, na kila mwaka siku za likizo nazipunguza kidogo bila kumwambia mama.

Mkorosho wa Babu

Mzee, akitokea mtu kukuuzia shamba la mikorosho akwambie ni pensheni ya pili, mwambie akupeleke shambani Julai, sio Novemba. Novemba kila mtu ni mkulima. Julai uone mtu amebeba bomba la kupulizia mgongoni, macho mekundu kwa salfa, na bado ugonjwa wa ubwiriunga unaweza kupiga maua ukavuna majani. 2017 kilo ilikaribia 4,000 mnadani, vijana wakanunua pikipiki mbili mbili, utani ukawa mbuzi wa Tandahimba wanakunywa soda. Msimu uliofuata wanunuzi hawakufika bei, serikali ikatangaza kununua kwa 3,300 na wanajeshi wakaja kusomba. Tangu hapo siwekei mkorosho ada ya mtoto. Nakaa Tandahimba na sitoki, lakini usije huku kwa ajili ya hela. Na ukibanwa Septemba usiende kwa mtu wa kangomba, mlanguzi anayenunua korosho mapema kwa bei ya chini, atakupimia korosho zako kwa kopo, ukija mnada unamwona anauza jasho lako kwa kilo.

Mmatambwe wa Mbeya

Mimi niko Mbeya mwaka wa tisa, na nimechagua mwenyewe. Wenyeji walipojua natoka Mtwara waliniuliza mambo matatu kwa zamu: chale zako ziko wapi, panya mnakula kweli, na kama naweza kumsaidia mtu aliyeibiwa. Huyo wa tatu nilimkubalia. Nikakaa kibarazani jioni nzima nimenyamaza, nimefunga kitambaa cheusi mkononi. Asubuhi godoro lake limerudi.

Mbeya ukidondosha mbegu inaota, maparachichi watu wanagawiana. Ninachokosa ni kisamvu cha mama na mtu wa kuongea naye lugha. Kila Ijumaa napiga simu nyumbani sina habari yoyote, nataka kusikia tu wanavyogombana kuhusu kuku. Kuishi, Mbeya. Kuzikwa, Nanyamba.

Kusini Kuchele

Ruangwa. Tuna Namungo Ligi Kuu. Hoja imeisha.

Rangi Tatu

Namungo inateka maji?

Mzee wa Chuno (mtoa mada)

Wakuu, mrejesho. Jumapili nilimchukua mama watoto mpaka Mikindani bila kumwambia kwa nini. Tukakaa pale pale ninapokaa siku zote. Akaomba maji kwa watu wa nyumba iliyopakana na kile kiwanja ninachokitaka, akaonja, akageukia ukuta akatema kwa adabu. Hakusema neno. Mimi nikawa naangalia bati la ile nyumba. Binti Pwani, nimekuelewa.

Usiku nikamsomea uzi wote. Kwenye tembo akacheka, kwenye msiba wa Kilwa akavuta kanga machoni. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: huyo dada wa Newala, kisima chao kina ukubwa gani?

Mama Kisima

Upana hatua tatu. Kwenda chini anazama mtu mrefu aliyenyoosha mkono. Mwambie mdogo wangu aje Desemba tukihamisha bomba, ajionee. Na wewe shemeji ukija, njoo na koleo.