Kuku aina ya silkie (wale wa manyoya laini kama hariri) wakilowa mvua inakuwaje?

Wakuu habari, silkie wangu mvua imewakuta nje wamelowa chapachapa mpaka ile ngozi nyeusi inaonekana, wanatetemeka tu, wakati wa kienyeji wamejikung'uta wanaendelea kuchakura. Nifanyeje?

— Pole mkuu, manyoya yao hayashikani ndo maana maji yanapita mpaka kwenye ngozi. Wakaushe na taulo haraka uwaweke penye joto. Na kuruka hawawezi, wanalala chini, so banda lisivuje na maranda yawe makavu muda wote.

— Wapunguzie na manyoya ya machoni, hawaoni vizuri wanadonolewa na wakubwa. Cheki na vidole vyao, wana vitano kila mguu, tope linaganda humo.

— Jike mtunze sana aisee, kwa kuatamia hana mpinzani, hata mayai ya bata siku 28 anakaa tu, ila mtoe ale na anywe maana anajisahau kabisa.