Mnamjua wote. Kampaka ndovu wangu wa mpingo KUCHA NYEKUNDU

Msasa_Magongo

Nimo ndani ya matatu natoka Mji wa Kale hapa Mombasa, mikono inanitetemeka, na nisipoandika sasa hivi nitashuka nirudi nikafanye jambo la kunipeleka jela ya Shimo la Tewa.

Jina simtaji. Yeyote aliyewahi kupeleka kinyago kutoka Changamwe kwenda maduka ya kule karibu na Fort Jesus anamjua. Yule wa kopo la rangi. Yule ambaye kofia yake ina kila rangi iliyopata kuuzwa Kenya hii. Kiti kikisimama mbele yake kidogo tu kishapakwa. Paka wa Kibokoni wakimuona wanapanda dari.

Kazi niliyompa ni MOJA. Amuweke ndovu wangu dukani mpaka mwenyewe aje amchukue. Sikumwambia amguse. Sikumwambia amtazame sana.

Na huyu ni ndovu wa mpingo, jamani. Si mjakaranda, si mwembe, si muarobaini. Baba mdogo alimchonga, mimi nikammaliza. Nilianza na msasa mkali, namba 80, kuondoa alama za tupa, nikaja 120, nikaja 240, 400, nikafunga na ule laini wa 600, mpaka ukipitisha kidole kwenye mikunjo ya mkonga hakuna pa kukwama. Halafu nta kidogo na kitambaa cha pamba, nikasugua mpaka bega likaniuma. Basi. Mpingo hautaki kingine. Ule weusi umezaliwa nao, uko mpaka moyoni mwa mti. Kwenye sikio moja baba mdogo aliacha makusudi ile sehemu ya nje ya mti, ile ya rangi ya manjano, ukimgeuza kwenye mwanga unaona sikio lote limewaka. Mti wenyewe unakaa zaidi ya nusu karne kabla haujafikia unene wa kuchongwa. Wazungu wanautengenezea klarineti, zile filimbi zao nyeusi, na sijaona mtu akiipaka klarineti rangi ya geti.

Naingia dukani. Anacheka tu. Anafungua gazeti alilomfungia ndovu.

KUCHA NYEKUNDU.

Ndovu wangu ana kucha nyekundu. Miguu yote minne! Mwili mzima kapigwa rangi nyeusi ya mafuta, nyeusi ya kopo juu ya weusi aliouweka Mungu. Lile sikio la manjano limezikwa. Pembe nyeupe pepepe. Kope kachorewa, ndovu ana kope! Lakini hayo yote ningeyameza. Kucha sizimezi. Moja moja, kwa brashi ndogo, katulia kabisa, kama anampamba bibi arusi.

Halafu ananiambia: "Dada, nimekumalizia kazi."

Nimekumalizia kazi! Ananiambia mimi! Mimi ambaye kumalizia ndiyo kazi yangu, ndiyo karo, ndiyo unga!

Namuuliza nani kamtuma. Ati watalii wa meli wanapenda kinachong'aa. Namwambia mpingo una mafuta yake mwenyewe ndani, rangi ya mafuta haishiki humo wala haikauki sawasawa. Nikamkwaruza ndovu kwa ukucha wangu pale pale, likatoka ganda zima, na chini bado inanata. Anajibu: "Ngoja ikauke." Ikauke! Mombasa hii, mwezi wa Mei, na mvua hii, ikauke!

Na bado kaniambia nimlipe rangi.

KUCHA. NYEKUNDU.

---

Kibokoni_Kwetu
Harusi lini? Tuje na vigoma au mtaita taarabu?

Bi_Somo
Kucha tu bila hina? Huyo ndovu kaaibishwa. Mrudishe amalizie mpaka kifundoni.

Kibokoni_Kwetu
@Bi_Somo miguu minne mamangu, hiyo hina ni ndoo nzima 😂😂

Mwana_wa_Likoni
Leta picha. Bila picha huyu ndovu ni uvumi.

Msasa_Magongo
Picha siweki. Baba mdogo ana simu, na humu kuna majirani zake. Nyinyi chekeni, lakini hamkusikia alivyoitamka. "Nimekumalizia kazi." Kwa upole! Kama kanisaidia kubeba maji!

Jahazi_Chakavu
Dada pole, lakini mnaposema rangi na mbao haviendi pamoja mnadanganya watoto. Milango ya kale ya Kibajuni, ile ya nakshi za kukata kule Siyu, Lamu, ilikuwa ikipakwa nyekundu, nyeusi na nyeupe ndani ya nakshi. Mashua zetu mpaka leo zinapakwa omo na tezi. Rangi ni yetu tangu zamani.

Msasa_Magongo
Kaka, nani kakataa rangi? Mashua ipakwe. Mlango upakwe. Mjakaranda ni mbao nyeupe, ulete rangi, ulete unachotaka. Hapa tunazungumza mpingo, na tunazungumza KUCHA. Mbajuni gani alipaka kucha?

Twiga_wa_Mwembe_Tayari
Hata mjakaranda wasipewe ruhusa hivyo. Zamani madoa ya twiga yalichomwa kwa chuma cha moto, doa linaingia ndani ya mbao, ukiosha liko, ukipiga msasa bado liko. Siku hizi wanadonoa kwa brashi. Nimenunua twiga wa kuweka sebuleni, mtoto kamlamba, sasa ni punda.

Duka_la_Ndia_Kuu
Nimesoma kimya, sasa nimechoka. Nyinyi wachongaji wa Magongo, huko Changamwe, leo ndio mnalia rangi? Nani aliyeniletea gunia la "mpingo" ambao ni mjakaranda uliopakwa rangi ya viatu? Mteja kamkumbatia simba na gauni jeupe, kutoka dukani mpaka hotelini alikuwa ameshageuka pundamilia. Alirudi kudai pesa zake, na gauni, na nauli. Nililipa MIMI. Tangu siku hiyo kila kinyago nakitia kwenye beseni la maji mbele ya aliyekileta. Mpingo unazama. Kikielea, bwana chukua kuni zako.

Msasa_Magongo
Mimi sijawahi kupaka kinyago rangi ya viatu maisha yangu yote, na wa kwangu mtie hata baharini, atazama. Atazama na kucha zake.

Bi_Somo
@Duka_la_Ndia_Kuu kwa hivyo sasa ukienda dukani kwako unakuta simba wanaogeshwa?

Duka_la_Ndia_Kuu
Wanaogeshwa, na wanaotoa weusi wanarudi kwao.

Vijiko_na_Bakuli
Afadhali nyinyi wa wanyama. Mimi nauza vijiko na bakuli za saladi za muarobaini. Naletewa mti umekatwa juzi, ndani bado una maji, juu umezibwa vanishi. Baada ya wiki chache unapasuka *kwaa* usiku, mtu anadhani mwizi. Na wakipuliza vanishi wakati wa masika, unyevu unaingia, inaota ukungu mweupe. Namuita fundi, ananiambia ni mtindo. Mtindo! Na hiyo vanishi mtu anaila na kachumbari.

Fundi_Vanishi
Unyevu ukiwa mwingi usipulize, subiri jua, ndiyo dawa pekee. Na bakuli la chakula usiweke vanishi kabisa, paka mafuta ya kula au nta ya nyuki. Nimesema hapa tangu lini? Hamsikii kwa sababu mnataka kung'aa. @Msasa_Magongo, huyo ndovu usimpige msasa mkavu, rangi ikiwa mbichi itajaza msasa na kuingia kwenye mikunjo. Kitambaa na tina, ile ya kuyeyushia rangi, kwanza, kidogo kidogo, ubadilishe kitambaa kila mara. Sikio la manjano ulianze wewe mwenyewe kabla hujagusa kucha, nyekundu ikishuka humo haitoki.

Msasa_Magongo
Ahsante fundi. Wewe ndiye mtu wa kwanza humu aliyemuonea huruma ndovu. Sikio naanza leo leo.

Mwana_wa_Likoni
Tumuombee mgonjwa.

Tuktuk_Kisauni
Subirini. Huyu wa kopo ndiye yule yule mwenye kofia? Basi kanipakia mimi TUKTUK.

Kibokoni_Kwetu
Haya sasa.

Tuktuk_Kisauni
Nilimpa azibe mkwaruzo mlangoni tu. Mkwaruzo! Narudi jioni namkuta kapaka tuktuk nzima buluu, na mbele kachora macho. "Abiria wanapenda." Kitabu cha gari kinasema nyekundu. Kesho yake trafiki kanisimamisha Nyali Bridge, kanitazama, katazama kitabu, katazama macho. Hakuuliza leseni, aliuliza hii gari nimeiiba wapi.

Bi_Somo
Macho yana kope?

Tuktuk_Kisauni
Yana kope 😭

Jahazi_Chakavu
Macho mbele ya chombo ni mambo ya mabaharia, si ya barabarani. Huyo jamaa anajua vitu vingi, ila anavipeleka pasipo mahali pake.

Mama_Chumba_Tudor
Bora tuktuk yako unaondoka nayo. Mimi mwenye nyumba kaleta fundi apake chumba na mimi nimo ndani na sufuria iko jikoni. Swichi zote zimepakwa, sijui ipi ya taa ipi ya feni. Kodi kapandisha.

Mwana_wa_Likoni
Kodi kapandisha kiasi gani? Huku Likoni nasi tumeambiwa mwezi ujao.

Mama_Chumba_Tudor
Usiniulize mbele za watu. Kuna mtu anajua chumba Kisauni chenye maji?

Tuktuk_Kisauni
Kipo karibu na stegi yetu, maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Nikupeleke kesho? Tuktuk utaiona tu, ni ya buluu.