Muundo wa faili nilioubuni, naweza kuukatia hataza (patent)?

Fundi_Mita: Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri. Nimebuni muundo wa faili wa kuhifadhi usomaji wa mita za maji. Kila rekodi ina baiti 12: namba ya mita, muda, kisha usomaji. Kuna mteja ameupenda na anataka maelezo yake yote. Naogopa kuibiwa. Hataza inawezekana?

MwanaSheria_Tanga: Mkuu, kwa mpangilio wa data peke yake, hapana. Marekani kuna kesi ya Digitech ya 2014. Walikuwa na hataza ya wasifu wa kifaa, yaani data inayoeleza jinsi kifaa cha picha kinavyobadili rangi na nafasi. Mahakama ya rufaa ikasema data tupu, isiyofungwa kwenye kitu chochote kinachoshikika, si mashine, si bidhaa, wala si mchakato. Hataza ikafutwa. Ulaya nako, kifungu cha 52 cha Mkataba wa Hataza kinakataa uwasilishaji mtupu wa taarifa.

Bi_Algorithimu: Naongezea hapo. Kinachopata hataza ni mbinu ya kiufundi iliyo nyuma ya muundo. Angalia GIF, muundo wa faili za picha. Kampuni ya CompuServe waliitoa 1987 na ikaenea kila mahali, kumbe ndani yake mna LZW, mbinu ya kubana data ambayo kampuni ya Sperry ilishapewa hataza yake tangu 1985, kisha hataza hiyo ikawa ya Unisys. Mwishoni mwa 1994 watengeneza programu wakaambiwa walipie leseni. Hasira zile ndizo zilizozaa PNG, muundo mwingine wa picha usiotumia LZW. Hataza ya LZW yenyewe ikaisha Marekani Juni 2003. Sasa mkuu, wewe hizo baiti 12 umezifikiaje? Kuna mbinu yoyote humo?

Fundi_Mita: Ipo. Sihifadhi usomaji mzima, nahifadhi tofauti kati ya wa sasa na uliopita.

Bi_Algorithimu: Hiyo ni ya zamani sana, ndugu yangu. Mkaguzi ataikataa kwa kukosa upya. Usitupe ada yako.

MwanaSheria_Tanga: Hakimiliki inalinda msimbo wa programu uliouandika, lakini kinga hiyo ya programu haigusi muundo wa faili, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema hivyo 2012 kwenye kesi ya kampuni ya programu ya SAS. Kinga yako ya kweli ni mkataba wa kutunza siri, usainiwe kabla hujampa karatasi hata moja. Umeshampa chochote?

Fundi_Mita: Ameona programu ikifanya kazi tu, maelezo ya muundo bado. Naandaa mkataba kwanza. Asanteni sana wakuu.